Simba Aliyefundishwa Kulala

Kitendawili: amekufa mara thelathini na saba, na bado saa kumi ya jioni anakwenda kunywa maji.

Msijikune vichwa, wala mji wenu siutaki. Mji una kodi na una wambea. Jibu ni Balozi, simba dume wa bonde la Nyalumbu. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kupita boma kwa boma kila jioni akinusa milango, kama balozi wa nyumba kumi anayehakikisha nani hakuja mkutanoni. Na aliyemhesabia vifo vyake vyote ni Vaileth Kihwele, mjane wa kijiji cha Malindili, ambaye mkono wake ulikuwa umelala juu ya mbavu za simba huyo mara nyingi kuliko ulivyolala juu ya mbavu za marehemu mumewe. Na marehemu alikuwa mtu mwema tu, hana la kulaumiwa.

Asubuhi ile ya kifo cha thelathini na nane, gari la kambi lilisimama kwenye kivuli cha migunga. Lilikuwa gari la jua, halina mlio hata wa nzi. Mbele alikaa Pius Mhapa, daktari wa wanyama. Nyuma alikaa mgeni, Bwana Halvor, fundi wa madirisha kutoka nchi za baridi, mzee mwenye masikio mekundu ambaye tangu alfajiri alikuwa akimgawia kila mtu pipi za tangawizi. Bunduki ya sindano za usingizi ilikuwa mapajani mwake. Pembeni yake Vaileth, na kapu lake: chupa ya maji ya macho, kitenge cha kumfunika simba uso, na kiti kidogo cha kukalia wakati wa kuhesabu pumzi.

"Bibi, anafaa?" aliuliza Pius, kama sheria ilivyotaka. Sindano haitoki mpaka mtu wa kijiji amwone simba kwa macho yake na kusema neno moja kati ya mawili: anafaa, au hafai.

"Hata hajatokea, unataka niseme nini? Tulia."

Akatoa mkono nje ya gari, akaanza kuimba polepole kama alivyozoea, huku akipepea nzi:

*Lala, Balozi, lala,*
*nyumba zako zimelala,*
*ng'ombe wamo zizini,*
*jua limo mlimani.*

Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe, kifo cha pili au cha tatu, alipomwona simba anatetemeka dawa ilipokuwa ikimwingia. Mtu akitetemeka mbele yako utanyamaza? Tangu hapo aliimba kila mara.

Balozi akatoka vichakani. Alitembea kama mtu anayekwenda kufungua duka lake. Akalitazama gari, akasogea hatua ishirini hivi, akajinyoosha. Kisha akalala ubavu, shavu chini, akafumba macho.

Hakuna aliyekuwa amepiga chochote.

Bwana Halvor akashusha bunduki. Akasema kitu kwa lugha yake, sauti ndogo.

"Anauliza kama ni mgonjwa," alisema Pius.

"Si mgonjwa," alisema Vaileth. Lakini wimbo alikuwa ameukatiza. Alipokaa kimya, Balozi alifumbua jicho moja, akainua kichwa, akageuza masikio kulielekea gari. Vaileth akaimba mstari mmoja. Kichwa kikarudi chini. Akanyamaza tena. Kikainuka.

Akafanya hivyo mara nne. Mara ya nne Pius akamshika mkono.

"Inatosha, Bibi."

Mgeni akatoa sindano kwenye bunduki, akairudisha ndani ya kasha lake kwa uangalifu, kama anavyofanya fundi na vioo. Akasema tena kitu.

"Anasema hakuvuka bahari kuja kumpiga mtu aliyekwisha kulala."

"Mwambie asante," alisema Vaileth. "Na mwambie hizo pipi zake ni kali mno."

*

Nyumba ya Mfinyanzi ilikuwa nyuma ya kambi, imeezekwa kwa vioo vya jua. Mfinyanzi ni mashine. Jina hilo la heshima ililipata kwa wanawake wa Malindili, kwa sababu ilikuwa ikifinyanga. Pius akiipa chembe za sikio la simba, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, pamoja na vipimo vya mwanga vya fuvu na manyoya, siku ya tatu inatoa kichwa kizima: meno, ndevu, hata lile kovu la Balozi la puani alilolipata kwa teke la pundamilia. Mgeni anaondoka na kichwa. Simba anaamka na kiu. Ndiyo ulikuwa uwindaji wote uliobaki nchini tangu sheria mpya ilipokataza kuua wanyama, na watu waliusifu, Vaileth akiwa wa kwanza.

"Kaa, Bibi," alisema Pius. "Nina kitu nilitaka nikuoneshe tangu wiki iliyopita, nikaogopa."

"Kama ni kichwa kingine, nimekwisha viona."

"Si kichwa."

Akafungua skrini. Alionekana Balozi, amelala, na Vaileth kichwani pake. Mgeni wa mwaka juzi alikuwa amepiga video hiyo. Wimbo ulisikika wazi wazi, mpaka pumzi za katikati ya mistari. Pius akafungua nyingine, na nyingine. Simba yuleyule, kitenge kilekile, wimbo uleule.

"Wageni wote wanarekodi," alisema. "Wanawaonesha wenzao. Hii hapa imetazamwa na watu laki nne."

"Laki nne! Na mimi nimevaa sweta lile la kuchanika?"

Pius hakucheka. "Bibi, lile dume la ng'ambo ya mto lililokutwa mwezi uliopita. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Lilikutwa halina kichwa.

"Vichwa vya Mfinyanzi vimejaa duniani. Kila kimoja kina alama ndani ya mfupa wa jino, ya kuonesha kwamba ni cha kufinyangwa. Sasa wamezuka watu wanaotaka kisicho na alama. Cha mnyama aliyekufa kweli. Vile vya uongo vilivyozidi kuwa vingi, ndivyo cha kweli kilivyozidi kutamanika."

Vaileth alikuwa bado anaitazama skrini. Mwanamke wa kwenye skrini alikuwa akimpangusa simba machozi ya dawa.

"Kwa hiyo mtu akija na bunduki ya risasi," alisema taratibu, "na simu yenye wimbo wangu."

"Balozi atatoka kichakani, atajilaza mwenyewe."

Nje, mtu wa jikoni alikuwa akimenya viazi na kupiga mluzi. Vaileth akakigeuza kiti chake, akaipa skrini mgongo.

"Nikiacha kuimba?"

"Atasahau, labda baada ya misimu miwili mitatu. Waliomkata yule wa ng'ambo hawatangoja. Na askari wetu ni sita kwa bonde zima." Pius akafuta miwani yake. "Kuna njia moja, lakini sipaswi kuisema mimi. Alichofundishwa kwa upole anaweza kufundishwa upya kwa ukali. Wimbo uleule, lakini umletee maumivu."

"Akiwaogopa watu, hatalisogelea gari."

"Hatalisogelea."

"Na asiposogea, hakuna uwindaji."

"Hakuna dume mwingine anayetimiza masharti. Msimu mzima wa kiangazi ukipita bila simba anayefaa, mkataba unakufa. Kambi inafungwa. Pampu ya maji ya kijiji ni mali ya kambi." Akavaa miwani. "Bonde litabaki hifadhi, hilo limeandikwa kwingine. Lakini pampu itang'olewa. Ndiyo sababu niliogopa kukuonesha."

*

Foleni ya ndoo haikuwa ndefu jioni ile. Wifi yake Yustina, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amekaa juu ya ndoo yake akisuka nywele za jirani. Vaileth akamweleza yote, hakuficha hata neno. Alikuwa anaweza kuficha. Aliona aibu kuficha.

Yustina alisuka mistari miwili kabla ya kujibu.

"Wifi, nikutegee kitendawili, maana wewe ndiye bingwa. Nyumba sabini, zina kiu. Simba mmoja, ana usingizi. Tumpe nani kikombe?"

"Hicho si kitendawili, Yustina. Kitendawili kina jibu."

"Basi na mimi sina." Akavuta unywele kwa nguvu mpaka jirani akapiga yowe. "Pole, mama. Wifi, nimefuata maji mtoni miaka ishirini. Unaujua mgongo wangu. Mamba unawajua kwa majina."

"Nawajua."

"Na bado umekuja kuniambia, badala ya kufanya kimyakimya."

"Pampu ni yenu. Simba nimemharibu mimi."

Mikono ya Yustina ikasimama. Akamtazama wifi yake usoni, akaliona jambo ambalo Vaileth alikuwa hajalisema hata kwa nafsi yake.

"Umekwisha amua," alisema. "Umekuja kuomba msamaha kabla ya kosa."

"Nimekuja kutukanwa. Nilidhani utanitukana."

"Nitakutukana siku ya kwanza nikiwa na ndoo kichwani. Nitakutukana kuanzia hapa mpaka mtoni, na kurudi. Kisima cha zamani cha misheni kinahitaji kufukuliwa. Nitaiambia kamati kesho. Sasa chota maji yako uondoke."

*

Mzee Gidahuda, Mbarabaigi wa boma la kaskazini, alikuwa akimkamua ng'ombe alipomwona Vaileth akija.

"Kamwene, Mhehe! Umekuja kwa miguu? Ficheni mbwa!"

"Kamwene. Mbwa wako wamekonda, hata mchuzi hawatoi."

Wakacheka, kwa kuwa mzaha huo wa Wahehe kula mbwa walikuwa nao tangu ujana na haujawahi kuchakaa. Kisha akamwambia alichokuja kuomba: mbwa watatu, pilipili kavu ya kuchoma, madebe, na mtu anayejua namna ya kumkasirisha simba akabaki hai.

Gidahuda akaweka kibuyu chini.

"Unataka niamshe simba aliyelala, karibu na ndama wangu."

"Ndiyo."

"Akikasirika atakula ndama."

"Anaweza."

"Husemi hatakula?"

"Nimesema anaweza. Sikuja kukudanganya, nimekuja kukuomba."

Mzee alitafuna kijiti chake. "Baba yangu aliua simba mmoja maishani mwake," alisema hatimaye. "Simba aliyekuja kumfuata yeye, uso kwa uso. Baba akapita nyumba zote za ndugu zake, wanawake wakampaka siagi, wakampa ng'ombe, wakamwimbia. Leo dada yangu anawapaka siagi wageni pale kambini. Siagi ya kweli kwa kifo cha uongo. Kila akirudi ananawa mikono mara mbili, simuulizi kwa nini." Akatema kijiti. "Kata miiba uniongezee ua wa zizi, ufike hapa kifuani. Ukimaliza, tunakwenda."

Vaileth alikata miiba mpaka jua likazama. Viganja vikawa kama ungo uliotoboka.

*

Siku ya kwanza alisimama mahali pa wazi, karibu na mto wa mchanga usio na maji, akaimba. Gidahuda na mbwa walikuwa nyuma ya mwamba, na debe la makaa lililojaa pilipili. Upepo ulikuwa mzuri.

Balozi akaja. Akalala.

Vaileth akainua mkono. Moshi ukaja, mbwa wakaja, madebe yakalia kama bati la nyumba linalong'olewa na kimbunga. Balozi akaruka, akapiga chafya, akakimbia hatua hamsini. Kisha akasimama. Akazunguka moshi kwa mbali, masikio yamelala nyuma, akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa Vaileth, akajilaza miguuni pake.

Gidahuda aliwaita mbwa. Aliwashika shingo mpaka simba alipoondoka mwenyewe.

"Anatuogopa sisi," alisema. "Wewe amekufanya kichaka cha kujificha."

 Njia nzima ya kurudi Vaileth alikuwa akijipangusa kitu usoni, akasema ni pilipili, na Gidahuda akakubali kwamba ni pilipili.

Siku ya pili alikwenda na fimbo ya mkwaju na kigae cha makaa. Mzee na mbwa walikaa mbali. Akaimba. Balozi akalala, shavu chini, ile shingo nene imenyooka. Mkono wa Vaileth ulikuwa unaijua shingo ile. Ulijua mahali mapigo yanaposikika, ulijua joto lake. Akaimba mstari wa tatu, wa ng'ombe zizini, na kwenye neno la mwisho akampiga fimbo puani, juu ya kovu.

Simba akainuka akamtazama. Hakunguruma. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Lala, Balozi," aliimba Vaileth, sauti imepasuka, akampiga tena. Akamrushia makaa. "Lala! Nyumba zako zimelala!" Akampiga. "Toka! Watu si wazuri! Mimi si mzuri! Toka!"

Ndipo kifuani mwa Balozi kitu kikaanza kusaga, chini kabisa, kama jiwe la kinu. Mdomo ukakunjuka, meno yakaonekana. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, bila kumgeuzia mgongo. Kisha akaingia vichakani.

Vaileth alikaa chini palepale, katikati ya makaa. Gidahuda akaja akamvuta kwa kwapa. "Inuka, Mhehe. Unaungua sketi."

Siku ya tatu hakumaliza mstari wa pili. Balozi alitoka kwenye nyasi kama kitu kilichofyatuliwa, chini chini, mkia umesimama. Vaileth alijua la kufanya, kila mtoto wa bonde lile anajua: usikimbie. Akainua mikono yote miwili, fimbo juu, akasimama. Mchanga ukamrukia miguuni. Simba alisimama hatua nne mbele yake, akaunguruma usoni pake mpaka meno ya Vaileth yakagongana na pumzi ile ikampiga, ya moto, yenye harufu ya nyama. Mara thelathini na saba alikuwa ameinusa pumzi hiyo, na hakuna siku hata moja iliyokuwa na sauti.

Wakatazamana. Akageuka, akavuka mto wa mchanga, akaelekea kwenye vilima vya ndani, kule magari hayafiki.

"Umejikojolea?" aliuliza Gidahuda kutoka mwambani. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto.

"Kidogo."

"Na mimi."

*

Siku ya nne alikwenda na Pius, garini. Hawakuimba. Walivuka mto wa mchanga mpaka chini ya vilima, wakaweka simu juu ya kisiki, video ya mgeni wa mwaka juzi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, nao wakarudi nyuma wakatazama kwa darubini. Ilikuwa asubuhi, mwanga mweupe, tai wawili wanazunguka bila haraka.

Balozi alikuwa amelala kivulini mwa jiwe, ng'ambo ya korongo. Sauti ya mwanamke wa kwenye simu ikaanza kumwambia alale. Kabla mstari wa kwanza haujaisha alikuwa amesimama. Mdomo ukakunjuka. Akaligeuzia kisiki lile tako lake la kibalozi, akapanda kilima kwa mwendo wa haraka, akapotea upande wa pili.

Simu iliendelea peke yake. Iliimba mpaka mwisho, ikarudia. Vaileth alisikiliza kila neno. Hapo ndipo alipoifahamu sauti yake ilivyokuwa: nzuri kweli, ya mtu anayependa. 

Pius akatoa fomu ya msimu, ile ya kwenye kibao cha kioo. Aliandika tarehe, akaandika jina la simba. Vidole vyake havikuwa na haraka. Alijua ni fomu ya mwisho, na kwamba baada ya hapo wangekuja mafundi na winchi kung'oa pampu.

"Bibi Vaileth Kihwele wa Malindili," alisoma kwa sauti rasmi, kama sheria ilivyotaka. "Umemwona mnyama kwa macho yako?"

"Nimemwona."

"Anafaa?"

"Hafai."

Pius akabonyeza. Kibao kikafungua orodha. "Sababu," alisoma. "Maradhi. Jeraha. Uzee. Meno. Mimba." Akainua macho. "Niweke ipi?"

"Andika anawachukia watu."

"Hiyo haimo, Bibi."

Vaileth alikuwa ameshakunja kitenge, anakiweka kwenye kapu, juu ya chupa ya maji ya macho iliyobaki nusu.

"Basi iongeze," alisema.